Siku Nilipoipiga Kompyuta Kofi

Kisa hiki sijamsimulia mtu yeyote hapa shuleni, maana aibu yake bado ninayo. Lakini mlezi wa chama chetu alituambia tuandike jambo tulilolishuhudia kwa macho yetu, nami hili nililishuhudia. Tena mkono uliolitenda ni huu huu ninaoandikia.

Kaka yangu ana kibanda cha kompyuta mtaani Manyatta, hapa Kisumu. Likizo ya Agosti mwaka jana alisafiri, akaniachia funguo. Alasiri moja wakaja wateja watano kwa mpigo, wote wanataka kunakiliwa nyimbo na filamu kwenye flashi, na kila mmoja ana haraka zake. Kwa kujiona mjanja, nikawaanzishia wote kwa pamoja. Lo! Kompyuta ikaanza kukwaruza krr-krr-krr, ikaenda mwendo wa kobe.

"Kijana, kwani leo haijakula?" mmoja akauliza. Wenzake wakaangua kicheko.

Basi hasira zikanipanda. Nikalitandika lile sanduku kofi la nguvu. Likalia tak! tak! tak! Kisha kimya.

Nilihisi miguu ikiniisha nguvu. Msomaji, ndani ya diski ile mlikuwa na sauti ya dani, nyanya yetu. Kaka alimrekodi mwaka wa 2019 akitusimulia hadithi saba, na mwaka wa 2021 akatutoka. Nakala nyingine hatukuwa nayo.

Kaka aliporudi hakunichapa. Alinitazama tu, kisha akaing'oa ile diski na tukaandamana hadi kwa fundi mmoja Kondele. Kimya chake njiani kilinichoma kuliko kiboko.

Fundi alikaa nayo siku tatu. Tuliporudi alikuwa ameokoa alichoweza, na diski yenyewe ameifungua. Hapo ndipo nilipoona kwa mara ya kwanza kile nilichokipiga. Ndani mna sahani za duara zinazong'aa kama kioo, na mkono mwembamba wenye vichwa vidogo vya kusomea kwenye ncha. Sahani zile huzunguka mara 7,200 kwa dakika, yaani mara 120 kwa sekunde moja. Kichwa hakigusi sahani hata kidogo. Huelea juu yake kwa upepo wa ule mzunguko, na nafasi iliyopo katikati ni ndogo kuliko chembe ya vumbi. Nami nikaja na kofi!

"Lakini si ilikuwa inazembea?" nikajitetea.

Fundi akacheka. "Mdogo wangu, haikuzembea. Wewe uliituma huku na huku."

Akaniambia nifikirie matatu ya kutoka mjini kwenda Maseno. Vichwa vyote vimeshikwa na mkono mmoja, kwa hiyo gari ni moja na abiria wametapakaa njiani. Dereva akisema atambeba kila mara aliye karibu naye zaidi, atazungukazunguka hapa mjini kutwa, maana abiria wapya hawaishi. Yule wa Maseno atakesha stejini. Akifuata aliyeita kwanza, atakimbia Maseno, arudi Otonglo, aende tena Maseno, petroli iishe bure. Kwa hiyo hufanya kama lifti ya ghorofa: huenda upande mmoja, Otonglo, Kisian, hadi mwisho, akichukua kila aliye njiani, ndipo ageuke. Diski nyingi za siku hizi zinaweza kushika maombi 32 kwa wakati mmoja na kuyapanga zenyewe, zikitazama hata sahani imezunguka imefika wapi.

Hata hivyo kupanga kuna mipaka. Wale wateja wangu watano walikuwa kila mmoja na njia yake kwenye sahani, na kila mmoja alipewa kipande kidogo kabla mkono haujaruka kwa mwenzake. Muda mwingi ulipotelea kwenye kuruka. Ningewahudumia mmoja mmoja, wote watano wangemaliza mapema. Krr-krr ile ilikuwa ni mkono ukikimbia.

Nilisoma baadaye kwamba diski ya kwanza ilitolewa na IBM mwaka wa 1956. Ilikuwa na sahani 50, kila moja pana kupita sentimita 60, na ilibeba herufi milioni 5 tu. Kwa hesabu zangu, hiyo haizidi sana wimbo mmoja! Sijui wao walizipiga makofi au la.

Hadithi nne zilipatikana nzima. Ya tano inakatika katikati, dani akiwa ameanza kuimba. Mbili zimeenda kabisa.

Sahani moja kaka ameitundika ukutani kibandani, huitumia kama kioo anaponyoa ndevu. Ukiisogelea utaona mkwaruzo mwembamba wa duara, hapo kichwa kilipoanguka. Mimi nikiingia hukaa upande wa pili.