Sauti ya Kati

Ukimwuliza mtu spika nzuri ni ipi, mara nyingi atakuonyesha ile inayotikisa vyombo kabatini. Mwingine atasifia ile inayolia matoazi mpaka ukadhani yamo chumbani. Ni wachache watakaokutajia sauti ya kati, na hao huonekana watu wa makuu. Lakini huko katikati ndiko aliko binadamu. Simu ya zamani ilipitisha mitikisiko ya kuanzia 300 hivi hadi 3,400 kwa sekunde, basi. Besi haimo, mlio wa juu haumo, na bado ulimtambua shangazi yako kabla hajajitaja jina.

Hata muziki wetu unakaa huko. Santuri za Siti binti Saad, aliyerekodiwa Bombay mwaka 1928, hazina besi ya kusifiwa. Kanda za bendi za dansi zilizorekodiwa Radio Tanzania miaka ya 1970 zina magitaa, tarumbeta na waimbaji waliosongamana hapo hapo katikati. Spika iliyo dhaifu mahali hapo huwafukuza wote hao na kukuachia mdundo mtupu.

Mimi naishi Birmingham, na katika jambo hili Uingereza ni nchi ya neema. Miaka ya 1970 mafundi wa BBC walihitaji spika ndogo ya kuwekwa ndani ya magari ya kurushia matangazo, wakabuni LS3/5a, kisanduku cha urefu wa sentimita 30 hivi. Mafundi hao walikuwa na desturi ya kulinganisha spika na mtu halisi anayezungumza, maana sauti ya mtu haidanganyi sikio. Leo kisanduku hicho kinawaniwa na wenye fedha, na bei yake sithubutu kuitaja mbele ya mke wangu. Lakini maarifa yalienea. Spencer Hughes alitoka BBC na kuanzisha Spendor, Dudley Harwood akaanzisha Harbeth, na viwanda vingine vikauza spika za bei ya kawaida zilizofuata njia ile ile. Hizo utazikuta kwenye maduka yanayouza vitu vya sadaka, kwa kuwa warithi wa wazee hawana nafasi ya masanduku ya mbao.

Mimi sikuzitafuta kwa ajili ya taarabu. Mama yangu hakujua kuandika, na mwaka 1991 aliniletea barua ya kaseti kutoka Tanga. Alifariki mwaka 2003. Kwenye spika nyembamba za televisheni yetu alikuwa mwanamke mwingine kabisa, mkali, anayesemea puani. Wanangu hawakupata kumwona, nami sikutaka wamjue kwa sauti ile.

Basi kila Jumamosi nilitoka na nakala ya kaseti; ile ya asili haitoki nyumbani. Kwanza nilifungua kitambaa cha mbele. Ukingo unaoshika koni ukiwa wa sponji, uguse kwa kidole: sponji huoza na kumong'onyoka kwa miaka, wa mpira hudumu zaidi. Kisha isukume koni taratibu kwa vidole vilivyotanuliwa. Ikikwaruza ndani, iache hata ukipewa bure. Halafu keti katikati ya spika mbili na usikilize mtu mmoja aliyerekodiwa kwa maikrofoni moja. Asimame katikati, pale pasipo na kitu. Akielemea upande, huenda spika moja imechoka. Akitawanyika kama moshi, huenda waya za spika moja zimegeuzwa. Muuzaji atataka kuongeza sauti. Mkatalie, kelele ni kama marashi, hufunika mengi.

Nyingine zilimsemesha mama kutoka ndani ya mtungi. Nyingine zilifanya kila "s" yake ikate kama wembe. Mwezi wa tatu nikapata jozi ya KEF ya miaka ya 1980, kwa paundi 35, moja ikiwa na alama ya duara juu yake palipowekwa chungu cha maua. Nilipoiwasha pale dukani nilimsikia mama akivuta pumzi kabla ya kulitaja jina la marehemu baba. Pumzi ile sikuwahi kuisikia.

Nyumbani nilizisogeza mbali na ukuta, kwa sababu ukuta huongeza besi na kuifanya sauti iwe nzito, nikaziinua hadi usawa wa masikio ya mtu aliyeketi. Mke wangu analalamika kwamba zinaziba njia ya jikoni, na kweli zinaziba.

Jioni ile nilimpigia dada yangu Tanga, nikaweka simu mbele ya spika. Alisikiliza kimya muda mrefu.

"Mdogo wangu," akasema, "mbona mama alikuwa amechoka hivi?"

Nikamwambia hata mimi nimelisikia leo. Miaka yote nilidhani anafanya haraka ili kaseti isimwishie.

"Geuza upande wa pili," dada akasema.

Nikageuza.