Mzee wa Manchester na Pikipiki Zisizo na Breki

Mjini Manchester, katika nchi ya Uingereza, yuko mzee mmoja aliyezaliwa mwaka 1946, ambaye tangu utoto wake hakupata kupenda mchezo mwingine ila mashindano ya pikipiki katika kiwanja cha mviringo, yaitwayo spidiwei. Mpira wa miguu haumshughulishi, ingawa mji wake una timu mbili ambazo majina yake yanajulikana hata na watoto wa shule wa Afrika Mashariki. Mtu akimwuliza habari za spidiwei ya zamani na ya sasa, hujibu upesi kwamba zamani ulikuwa mchezo na siku hizi ni biashara. Lakini akipata kikombe cha chai na mtu wa kumsikiliza, maneno huzidi, na kadiri yanavyozidi ndivyo yanavyoacha kupatana.

Kwa wale ambao hawajapata kuuona mchezo huu, yafaa kueleza kidogo. Waendeshaji ni wanne, na huzunguka kiwanja mara nne tu, daima wakipinda kushoto. Shindano moja huisha kwa muda wa dakika moja hivi. Pikipiki yenyewe ina gia moja, haina breki hata moja, na hunywa spiriti badala ya petroli. Kila mtu aliyepata kupanda pikipiki katika barabara ya udongo wakati wa masika aijua hofu imshikayo mtu gurudumu la nyuma linapoteleza na kwenda upande. Waendeshaji hawa huitafuta hofu hiyo kwa makusudi. Wafikapo penye kona hulitelezesha gurudumu la nyuma hata pikipiki ikaelekea ndani ya kiwanja, huku gurudumu la mbele limegeuzwa kulia, na mguu wa kushoto, uliovishwa kiatu cha chuma, ukiburura chini. Wa kwanza hupata pointi 3, wa pili 2, wa tatu 1, na wa mwisho hapati kitu ila vumbi.

Mchezo huu haukuanza Uingereza. Husimuliwa kwamba ulipata sura yake huko Australia, mjini West Maitland, mwezi wa Desemba 1923, wakati Johnnie Hoskins, katibu wa chama cha wakulima, alipotafuta jambo la kuwavuta watu kwenye kiwanja cha maonyesho. Kwa hiyo wakulima wanayo haki fulani juu yake. Tarehe 19 Februari 1928 ulifanywa High Beech, karibu na London, na watu wakajazana kupita matazamio yote. Mwaka uliofuata ligi zilikuwa zimekwisha kuanzishwa, na timu ya Belle Vue ya Manchester ikaanza kushindana katika uwanja wa Hyde Road. Timu hiyo huitwa Aces, yaani Maree, na alama yake ni ree ya pau, kama ilivyo katika karata.

Siku hizo Belle Vue haikuwa uwanja wa pikipiki peke yake, bali ilikuwa bustani kubwa yenye wanyama wa kutazamwa. Baba wa mzee huyu alikuwa akimchukua mchana kuwatazama ndovu na simba wa Afrika, na jioni wakaenda kwenye pikipiki. Mzee husema kwamba simba hawakumtisha kamwe, kwa kuwa kila alipofika aliwakuta wamelala. Kilichomtisha ni mngurumo wa injini nne zikiwashwa pamoja, na kilichobaki katika pua yake mpaka leo ni harufu ya mafuta ya mbarika yaliyotiwa katika injini hizo. Karibu zote zilikuwa za aina ya JAP, zilizotengenezwa Tottenham, London. Ilikuwa fahari ya Waingereza kwamba dunia nzima ilishindana kwa injini zao. Fahari hiyo haikudumu. Baadaye zilikuja za Kicheki, na baada yake za Kiitaliano.

Shujaa wake alikuwa Peter Craven, mzaliwa wa Liverpool, mtu mdogo wa umbo ambaye alikimbilia Belle Vue tangu mwaka 1952. Aliposhinda ubingwa wa dunia Wembley mwaka 1955, mtoto huyu alikuwa na umri wa miaka 9, na baba yake alimwamsha ili ampe habari. Craven aliposhinda mara ya pili, mwaka 1962, kijana alikuwa na miaka 16, na safari hii alikuwako mwenyewe. Alikwenda London kwa gari la moshi kwa pesa alizoweka akiba tangu Krismasi. Akiisimulia jioni ile huinuka kitini na kuinamisha mwili mbele, kama Craven alivyofanya, na asiyejua angedhani mzee ameumwa tumbo.

Hapo ndipo lawama zake zinapoanza. Kwanza husema kwamba zamani mtu aliyechelewa kuondoka aliweza kuwapita wenzake, lakini siku hizi anayetangulia katika kona ya kwanza hutangulia mpaka mwisho. Injini zimekuwa na nguvu nyingi mno, asema, na viwanja vimekuwa vigumu na laini kama sakafu. Pili hulalamika kwamba mwendeshaji hana timu tena. Craven alikaa Belle Vue mpaka kufa kwake, lakini bingwa wa leo aweza kuipigania timu ya Poland siku moja, na siku chache baadaye akavaa nguo za timu ya Sweden au ya Denmark. Tatu, na hili ndilo limchomalo zaidi, ubingwa wa dunia hauamuliwi tena kwa jioni moja. Tangu mwaka 1936 mpaka 1994 mashindano ya mwisho yalikuwa ya siku moja, isipokuwa 1987 tu, ambapo walichukua siku mbili. Kila mmoja alitoka mara tano, na aliyepata pointi nyingi akawa bingwa. Tangu 1995 pointi hukusanywa mwaka mzima, katika mji huu na mji ule.

Katika hili la tatu si lazima kukubaliana naye. Mwaka 1973, huko Chorzów katika Poland, Jerzy Szczakiel alilingana pointi na Ivan Mauger wa New Zealand, na walipotolewa wawili peke yao ili waamuliwe, Mauger akaanguka. Szczakiel akawa bingwa, naye hakuupata ubingwa tena, lakini Mauger aliupata mara sita katika maisha yake. Jioni moja huwapa watu hadithi ya kusimulia, lakini haiwezi siku zote kusema nani ni bora. Mzee huyu akiambiwa hayo hujibu kwamba watu hawalipi kiingilio ili wapate haki, hulipa ili wapate hadithi. Si jibu baya.

Wala hajidanganyi juu ya kupungua kwa watu. Baada ya vita vya pili viwanja vya Uingereza vilijaa, lakini serikali ilitoza kodi ya karibu nusu ya pesa za mlangoni, kisha televisheni ikawaweka watu nyumbani, na timu nyingi zikafa katika miaka ya 1950. Mwaka 1987 hata uwanja wa Hyde Road uliuzwa. Siku walipoanza kuubomoa alikwenda akaokota kipande cha mbao cha ukuta uliozunguka njia ya pikipiki, akakiweka katika kibanda chake cha bustani, nacho kipo mpaka leo. Mwaka 2016 Belle Vue ilipata uwanja mpya, wenye nafasi ya watu kama elfu 6, na umesifiwa kwamba njia yake ni pana na kona zake zimeinuliwa nje, hata waendeshaji waweza kupitana. Jambo hili humsumbua mzee, maana ladai kwamba lawama yake ya kwanza si kweli penye uwanja wake mwenyewe. Mwaka 2022, Belle Vue ilipoutwaa ubingwa wa ligi baada ya miaka 29, alisahau kabisa kulalamika.

Katika uwanja huo mpya, kama katika vingine vingi vya siku hizi, ukuta wa kwenye kona umewekwa mifuko mikubwa iliyojazwa upepo, ili mtu akigonga asivunjike. Kwa miaka mingi mzee aliidharau mifuko hiyo. Aliwaambia rafiki zake kwamba inafaa kwa watoto wa kuchezea.

Basi mwaka 2025 mjukuu wake, kijana wa miaka 15, aliomba ruhusa ya kuanza kujifunza kuendesha. Mama yake alikataa. Alijua kwamba mwaka 2012 Lee Richardson, Mwingereza, aligonga ukuta huko Wrocław akafa, na kwamba mwaka 2015 Darcy Ward wa Australia alianguka Poland akapooza miguu. Kijana alisisitiza, na mwishowe mama akasema kwamba baba yake aamue, kwa kuwa ndiye aliyemtia mtoto ugonjwa huu.

Mzee hakujibu siku ile. Mwezi wa Septemba 1963, tarehe 20, Peter Craven alikuwa akishindana Edinburgh. Mwenziwe alianguka mbele yake, naye akageuza pikipiki ili asimkanyage, akaugonga ukuta. Alifariki baada ya siku nne akiwa na umri wa miaka 29. Katika hadithi zote ambazo mzee huyu huzisimulia akiinamisha mwili kitini, hii haimo.

Alasiri moja, kukiwa hakuna mashindano, alikwenda uwanjani akaomba kuingia. Alikwenda mpaka kona ya kwanza, akaweka fimbo yake chini, akausukuma ule mfuko wa upepo kwa mikono miwili, kisha kwa bega, kisha akauegemea kwa uzito wake wote. Mfanyakazi mmoja aliyekuwa akimwagilia maji njia alimwuliza kama ameugua. Akajibu kwamba hajambo.

Aliporudi alimwambia binti yake kwamba ukuta ule si mbaya. Jumamosi iliyofuata akampeleka mjukuu kupimwa kiatu cha chuma.