Kozi wa Doha Hafunzwi kwa Fimbo

Kwetu mwewe ni adui. Apitapo juu ya boma, mama hupiga kelele, watoto hurusha mawe, na kuku hukusanya vifaranga chini ya mbawa zake. Lakini ukibahatika kufika Doha, mji mkuu wa Qatar, ambako Wakenya wengi wamekwenda kutafuta riziki, utastaajabu kuona ndege wawindaji wakitunzwa kama wageni wa heshima.

Nenda hadi Souq Waqif, soko mashuhuri la mji huo, uulize wanakouzwa kozi. Madukani utawakuta wamepangwa safu, kila mmoja juu ya kigingi chake, amevishwa kofia ndogo ya ngozi inayomfunika macho. Asichokiona hakimtishi, ndiyo maana ametulia. Hapo jirani pana hospitali yao, ambako hupigwa eksirei na hata unyoya uliovunjika huungwa upya. Usicheke, ni kweli!

Tuseme wewe ndiwe mnunuzi. Utachagua yupi? Wengi huchagua jike, maana katika jamii hii jike humzidi dume kwa takriban theluthi moja. Tazama macho, yawe maangavu. Papasa kidari, nyama iwe imejaa pande zote mbili za mfupa. Inua miguu, nyayo zisiwe na uvimbe. Kisha amua aina. Yule Waarabu wamwitaye saqr ni mvumilivu wa jangwa. Shahin ni mwepesi mno: ajitupapo kutoka juu hupita kilomita 300 kwa saa.

Sasa mafunzo. Hapa fimbo haina kazi. Ukimpiga kozi, umemfunza kukuogopa tu. Mwalimu huvaa kinga mkononi, akambeba kutwa, akaketi naye barazani katikati ya wageni, vikombe vya kahawa na kelele za watoto, mpaka ndege azoee watu. Chakula hukipata mkononi mwa mwalimu. Hupimwa kwa mizani kila siku, kwani aliyeshiba hana haja nawe, na aliyekonda hana nguvu za kuruka. Baadaye huitwa kutoka mbali akiwa amefungwa uzi mrefu, huku mwalimu akizungusha chambo cha mbawa za ndege.

Kisha hufika siku ya kuufungua uzi. Hapo moyo wa mwenyewe hudunda! Ndege aliyemgharimu maelfu ya riyali yuko angani, na hakuna kinachomshika. Siku hizi hufungwa kifaa kidogo cha redio, lakini kifaa huonyesha alipo tu, hakimrudishi. Kinachomrudisha ni mazoea na imani iliyojengwa pole pole.

Mwaka 2010 UNESCO iliutambua ufundi huu kuwa urithi wa binadamu, Qatar ikiwa miongoni mwa nchi zilizouwasilisha. Hata hivyo, saqr wa porini yumo katika orodha ya ndege walio hatarini kutoweka. Wengine hunaswa na kuuzwa, wengine huuawa na nyaya za umeme huko Mongolia. Hubara, windo lao la jadi anayefanana na tandawala wetu, naye amepungua. Ndiyo sababu kozi wengi sasa huzalishwa na kulelewa na watu, na wenyewe hukutana kwenye mashindano kama yale ya Marmi, kusini mwa Doha.

Vijana, msikimbilie kutega mwewe! Sheria ya wanyamapori ya Kenya ya mwaka 2013 hairuhusu kukamata ndege wa porini bila kibali. Mwoneni akizunguka juu ya majumba ya Nairobi, inatosha.

Nawe mzazi, ujiulize: siku uzi utakapofunguliwa, mwanao atarudi kwako kwa mapenzi, au atakuwa alikaa kwa sababu ya kamba tu?