Usitoke Mlangoni Bila Tarehe

Mbugangari, Gisenyi
Julai

Mpwa wangu,

Nyumbani kwangu wote ni wazima, ila magoti yangu hayapendi tena ngazi.

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara mbili. Unasema Septemba iliyopita simu haikunyamaza: watu wa Cyanzarwe na Busasamana wote walitaka mifereji ya paa izibuliwe siku ileile mvua ilipoanza, wengine ukawakosa kabisa. Na sasa tangu Juni umekaa barazani ukingoja iite. Unaniuliza kama uache ufundi ukope pikipiki. Usikope. Kazi unayo, mwanangu. Ulichokosa ni tarehe.

Mwenye nyumba hakumbuki tangi lake la mvua, wala tusimlaumu. Ana viazi shambani, ana ada ya watoto, ana mgonjwa wa kumtazama. Akifungua koki maji yakatoka, basi. Atalikumbuka siku maji yatakapotoka na harufu, na siku hiyo jirani zake kumi watayakumbuka ya kwao pia, wote wakupigie wewe. Kukumbuka ni kazi ya fundi. Mimi nilikaa miaka mingi nikidhani kazi yangu ni kufunga mabomba.

Huko kwenu jambo hili ni zito zaidi. Ardhi ya volkeno hunywa mvua ikaificha chini ya mawe, kwa hiyo tangi la mvua ndicho kisima cha nyumba. Halafu kuna moshi wa volkeno ya Nyiragongo. Upepo ukiuleta upande wetu, mvua hushuka na ukali wa asidi, mabati yanaota kutu upesi, na vumbi la paani lote linateremka na mvua ya kwanza. Kama lile bomba la kumwagia maji ya kwanza limeziba, uchafu huo wote unaingia wanamochota watoto. Ndiyo maana nyumba moja unaitembelea mara mbili kwa mwaka, upigiwe simu usipigiwe.

Ni lini? Wazee walishakupangia. Wakati wa icyi, kiangazi cha Juni hadi Agosti, maji yameshuka tangini; osha wakati huo, maana humwagi maji ya mtu. Maliza kabla ya katikati ya Septemba, mvua za umuhindo zinapoingia. Kisha urugaryi, kiangazi kifupi cha Januari na Februari: hapo ni kukagua tu wavu, koki na viungo kabla ya mvua za Machi. Lakini usitazame mbingu peke yake, tazama na mfuko. Viazi vikishavunwa Juni na Julai, mtu ana pesa mkononi. Ikifika wiki ya mwisho ya Agosti, kila faranga imeshapewa jina kwa sababu shule zinakaribia kufunguliwa. Anayekulipa kwa furaha tarehe 5 atakukwepa tarehe 28, naye ni mtu yuleyule mwema.

Siku nazo zina wenyewe. Jumamosi ya mwisho ya mwezi ni umuganda, kazi ya pamoja ya jamii, usimwahidi mtu asubuhi hiyo. Jumamosi yoyote Wasabato hawafanyi kazi. Huku kwetu, Ijumaa adhuhuri Waislamu wako msikitini. Wiki inayoanza Aprili 7 ni ya kuwaomboleza waliouawa katika mauaji ya kimbari: ukimpigia mteja siku hizo, iwe ni kumpa pole, habari ya tangi isubiri. Andika mambo haya kando ya jina la kila mmoja, ili usimuulize mtu mwaka huu alichokuambia mwaka jana.

Tena usipande leo Cyanzarwe, kesho Nyamyumba ziwani, keshokutwa Cyanzarwe tena. Nauli ya pikipiki itakula faida yote. Chukua mudugudu mmoja, yaani kijiji kimoja, wapigie wote wa hapo, ufanye nyumba nne kwa siku moja na ngazi moja. Jirani akikuona kwa jirani atakuita mwenyewe.

Sasa nikueleze bahasha. Ukutani kwangu nilipigilia bahasha kumi na mbili, moja kwa kila mwezi. Kila nyumba ilikuwa na karatasi yake: tangi ni la lita ngapi, limekaa juu ya nini, koki niliibadilisha lini, mwenye nyumba yuko nyumbani siku gani. Nikimaliza kazi ya Agosti, kabla sijakunja ngazi, namuuliza mwenye nyumba: mama, nirudi Februari wiki ya pili, Jumanne au Jumatano? Tunakubaliana, naandika mbele yake, na karatasi inahamia bahasha ya Februari. Kila mwisho wa mwezi nafungua bahasha inayofuata, na kazi yangu iko ndani inaningoja. Wewe una simu yenye kalenda na kengele, itumie. Ila karatasi uwe nayo pia, simu huzama ndani ya tangi. Siku mbili kabla ya kwenda tuma ujumbe, jioni ya kuamkia siku yenyewe piga. Na ukaguzi usiufanye bure. Chukua kidogo, kwa simu (MoMo) au mkononi, kwa sababu kitu cha bure mtu haoni shida kukiahirisha.

Bahasha hizo zilinisaidia mwaka 2021. Nyiragongo ililipuka Mei 22, na matetemeko yakatutikisa siku kadhaa, nyumba zikapata nyufa hapa mjini. Kila mtu alikuwa anaita fundi. Mimi nilifungua karatasi zangu nikaona ni nani ambao matangi yao yamekaa juu ya matofali yaliyopangwa tu, nikaanza na hao. Tangi lililojaa lina uzito wa kuua.

Lakini hekima hii niliinunua ghali, na aliyelipa si mimi. Zamani nilikuwa na mteja mmoja, mama aliyebeba karoti na vitunguu kuvuka mpaka wa Petite Barrière kwenda kuuza Goma. Nilimwambia, nitakuja Jumanne. Jumanne nikapata kazi kubwa zaidi ziwani, nikaenda huko, nikasema moyoni kwamba ataelewa. Hakuwa na simu. Alinisubiri kutwa nzima, hakuvuka mpaka, mboga zikanyauka kikapuni. Hakunigombeza. Tulipokutana njiani alinisalimia vizuri sana, wala hakuniita tena kwake. Habari ya zile mboga niliipata kwa dada yake baada ya miaka miwili. Mpwa wangu, mtu anayeishi kwa biashara ya siku hiyohiyo akikutengea siku moja, amekupa chakula cha nyumba yake. Ukiona huwezi kufika, mjulishe mapema, hata kama ni kumtuma mtoto kwa miguu. Usipofanya hivyo, hata ungekuwa fundi bora wa wilaya yote ya Rubavu, mimi sitakusifu.

Kwa hiyo wiki hii kaa chini na daftari. Umeniambia umefunga matangi arobaini hivi. Yaandike yote, mudugudu kwa mudugudu, hata yale ambayo wenyewe wamekusahau. Kisha anza kupiga simu, wa juu kabisa huko kwanza, maana barabara zao ndizo zinazoharibika mapema mvua ikianza.

Bahasha kumi na mbili ninakutumia na mleta barua hii, na misumari iko ndani ya ile ya Januari. Ya Agosti nimeshaitilia karatasi moja: tangi la mama yako. Dada yangu ananiambia ulilifunga mwaka juzi na hujaligusa tangu hapo. Mwulize anataka siku gani.

Mjomba wako