Ushahidi wa Mzazi kwa Daktari



Mwana wetu, kitindamimba, ana umri wa miaka 5. Mchana huketi barazani kwetu hapa Kibiti akiwasikia wanafunzi wa chuo wakisoma, na usiku, watu wamekwisha lala, huzirudia sura zile zile kwa sauti za wanafunzi, wala hakosi herufi. Lakini akishikwa na kiu hawezi kusema, "Maji." Humshika mama yake mkono na kuuweka juu ya mtungi.

Kwa muda wa miaka 2 tulilitazama lile la kwanza, tukafumba macho tusilione hili la pili. Sisi ni mwalimu wa chuo. Wageni walipokuja tulianza aya, naye mtoto akaimaliza, wakasema, "Mashaallah, huyu atakuwa shehe!" Tukafurahi. Mama yake hakufurahi, kwani yeye ndiye aliyejua kwamba mtoto haitiki jina lake, wala hachezi na wenziwe. Kwamba hupanga korosho mstari mmoja, na ikiondolewa moja hulia mpaka adhuhuri. Na kwamba huziba masikio kila mashine ya kusaga inapoanza kunguruma. Majirani wengine walisema ni shetani, wengine wakasema amedekezwa. Mwishowe mama alimpeleka kwa tabibu, akarudi na barua ya rufaa ya kwenda Hospitali ya Taifa ya Muhimbili, Dar es Salaam, ili achunguzwe kama ana usonji.

Usonji ni hali ya ubongo inayoanza tangu utotoni, nayo hugusa namna mtu anavyozungumza, anavyoshirikiana na watu, na anavyosikia kelele na kuona mambo. Hauletwi na malezi mabaya, wala na chanjo, wala si uchawi. Tena hapana kipimo cha damu wala picha ya kuuonyesha. Daktari humtazama mtoto akicheza, kisha huwauliza wazazi: alikaa lini, alitembea lini, neno lake la kwanza lilikuwa lipi, je, hunyoosha kidole kuonyesha akipendacho? Kwa hiyo tabibu alituagiza tuandike yote tuyajuayo.

Basi tulichukua kalamu. Tukaandika kwamba mtoto amehifadhi sura 9, kwamba ni mpole, kwamba uso wake una nuru. Mama yake akaisoma karatasi, akasema, "Mwalimu, hii ni barua ya posa? Unamsifu mtoto kana kwamba tunamtafutia mke. Ukimficha huyu, daktari atampima mtoto mwingine asiyekuwepo, na wetu tutarudi naye kama tulivyokwenda."

Tuliona haya. Chuoni tunawafundisha watoto wa watu kwamba kuficha ushahidi ni dhambi, na hapa tulikuwa tukimficha mwana wetu wenyewe. Na mtoto asiyeweza kujisemea ana shahidi gani ila wazazi wake?

Baadaye tulipata habari iliyotutuliza moyo. Mwaka 1938, huko Marekani, mtoto mmoja aitwaye Donald Triplett, mwenye umri wa miaka 5, alipelekwa kwa daktari Leo Kanner mjini Baltimore. Naye tangu udogo wake alihifadhi Zaburi ya 23, pamoja na maswali na majibu 25 ya mafundisho ya dini ya wazazi wake, lakini hakuweza kuzungumza na watu kama wenziwe. Kabla ya safari, baba yake alimpelekea daktari maelezo ya kurasa 33, mema na magumu. Mwaka 1943 Kanner aliandika habari za watoto 11, na Donald alikuwa wa kwanza katika hao. Maandishi hayo ndiyo yaliyowafumbua macho madaktari wengi juu ya usonji. Donald alikua, akafanya kazi benki, akaendesha motokaa, akafariki mwaka 2023 akiwa na miaka 89. Hatusemi kila mtoto atafika huko. Lakini twajua sasa kwamba baba anaweza kuandika ukweli wote asimpunguzie mwanawe heshima.

Tukaandika upya, mama akisema nasi tukiandika. Tumetia kadi ya kliniki tangu kuzaliwa, majibu ya kupimwa masikio, na picha za simu za mtoto akipanga korosho. Jioni 3 tumempeleka stendi ayazoee mabasi na honi. Tumefunga kikombe chake chekundu, kwani hakinywei kingine, na wali mweupe usio na mchuzi.

Tunapoandika haya, safari ni kesho baada ya sala ya alfajiri. Hatujui daktari atasema nini. Lile tulilokuwa tukiliogopa, yaani kulisikia jina la hali hii, tumeona kwamba halitamwongezea mtoto hata chembe ya taabu asiyokuwa nayo leo. Huenda likampatia walimu wanaojua kumfunza kuomba maji.

Nanyi ndugu zetu wenye mtoto wa namna hii, msingoje miaka 2 kama sisi. Mpelekeni, na kabla ya kwenda, msikilizeni mama yake.

Wabillahi tawfiq.