Kubebwa Si Kufika

Ukiwa juu ya Manga siku mbingu ni safi, unaona Ziwa Victoria kule mbali likimeta kama bati jipya. Sisi wa Kisii na Nyamira tunaliangalia tu. Huku kwetu tuna mito na mabwawa ya samaki. Mwaka wa 2009 serikali ilianza mpango wa kuchimba mabwawa 200 kwa kila eneo bunge, katika maeneo bunge 140, na sisi hatukuachwa nyuma. Mengine leo ni nyasi tupu. Lakini yapo ambayo mwenyewe anakuruhusu uje na ndoano yako, uvue, samaki apimwe kwa kilo, ulipe, uende ukapike.

Watu wanasema hii ndiyo raha mpya ya wikendi. Sawa. Mimi nauliza tu: raha ya nani?

Kaka yangu ndiye alinifundisha kuvua, mto Gucha, nikiwa darasa la tatu. Ufito, uzi, ndoano, na nyungunyungu ndani ya mkebe. Miaka minne iliyopita alianguka na boda, na tangu siku hiyo anatumia kiti cha magurudumu. Boda hata haitaji. Kuvua ndiko anakokutaja kila siku.

Basi mwaka jana nikampeleka kwenye bwawa moja, jina nitaliacha. Si mnajua vilima vyetu? Mteremko, udongo mwekundu, na mvua ilikuwa imenyesha jana yake. Vijana wanne wakajitolea. Wakamwinua juu kwa juu, yeye na kiti chake, huku wakicheka, "Usijali, buda, utafika!" Wakamweka ukingoni, wakaenda zao. Mimi nikapiga picha, nikaposti. Mioyo ikamiminika.

Kaka alivua tilapia wawili. Soda niliyomnunulia hakuigusa. Nilidhani hana kiu. Kumbe alikuwa anapiga hesabu: ukinywa utataka kwenda haja, choo kiko juu kule, na wale wanne wameshaondoka. Tukirudi nyumbani akaniambia, "Leo sikuenda kuvua. Nilipelekwa, kama gunia la viazi."

Ile picha niliifuta usiku huo huo.

Najua kuna mtu atasema, "Lakini sisi huku tunasaidiana." Ni kweli, na wale vijana walikuwa na roho safi, siwalaumu. Shida ni kwamba msaada wa watu wanne upo tu wakati hao wanne wapo. Katiba ya 2010, Kifungu cha 54, inampa mtu mwenye ulemavu haki ya kufika mahali pote kwa njia inayofaa. Sheria ya watu wenye ulemavu tumekuwa nayo tangu 2003, na 2025 tukapata mpya. Kwa hivyo karatasi tunazo. Tulichokosa pale bwawani ni jembe.

Na hili nalisema kwa sababu tumelishika. Kuna mama mmoja Nyamira mwenye bwawa karibu na barabara. Tulimwomba ruhusa ya kuchonga njia. Kipimo ni rahisi: kila sentimita 1 ya kushuka, njia iende mbele sentimita 12. Kutoka barabarani hadi ukingoni ilikuwa mita moja kwenda chini, kwa hivyo tukachimba njia ya mita 12, pana mita moja na nusu, tukaimwagia changarawe na kuishindilia. Pale majini tukapiga jukwaa la mbao za mikaratusi, na ubao umesimama ukingoni ili magurudumu yasiteleze yakaingia bwawani. Jumamosi mbili, kazi imeisha.

Mama mwenyewe ndiye aliuliza, "Na choo je, mwanangu?" Tukapanua mlango na kusawazisha mbele yake. Sasa hata yeye, na magoti yake yale, anashukia njia hiyo hiyo akibeba ndoo ya chakula cha samaki. Anasema, "Mbuya mono."

Mwezi uliopita nilimfikisha kaka pale barabarani, nikashika kiti nimsukume. Akanigonga mkono. "Wewe nenda sokoni. Utanikuta hapa." Akashuka peke yake. Niliporudi alikuwa anabishana na mzee mmoja kuhusu kambare aliyemponyoka, ati alikuwa mkubwa kama mkono wake. Chini ya kiti kulikuwa na chupa mbili za soda, tupu.

Kwa hivyo wewe mwenye bwawa, uwe Ogembo, Keroka au Nyansiongo: kabla ya kununua bango na viti vya plastiki, chukua futi, pima mteremko wako. Na wewe unayekuja na simu kupiga picha, kwanza muulize mtu kama anataka kubebwa.

Mimi sikuuliza.