Chokaa ya Bibi

Ujira wangu wa kwanza ulikwisha kwenye rangi ya mafuta, ya kijani, ing'aayo. Nilitaka chumba cha mtunzi wa riwaya, ati! Bibi akanitazama tu. "Nyumba za mawe hapa Mji Mkongwe hupumua, mwanangu. Utauziba ukuta pumzi."

Nikacheka. Harufu ile ilimfukuza mdogo wangu mwenye pumu, akawa analala ukumbini. Masika yalipoingia, unyevu ukanaswa nyuma ya rangi, ikatoa malengelenge, ikabanduka. Siku moja nikamkuta mtoto wa dada ana kipande mdomoni. Moyo ulinipasuka. Rangi za mafuta huweza kuwa na madini ya risasi, na Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi kilicho salama kwa mtoto. Nikaligeuza kopo huku na huku: kimya, halikuandikwa lolote.

Tukawatoa watoto. Tukakwangua ukuta ukiwa umeloweshwa, vumbi lisipae. Kisha Bibi akazima chokaa kwa maji, ikachemka yenyewe bila moto, akatia chumvi kidogo ishike. Macho yangu yaliiva, maana chokaa ni kali, lakini ukali huohuo ndio unaozuia ukungu. Tukapaka mikono mitatu, myepesi. Ikikauka hunywa hewa ya ukaa na kurudi kuwa jiwe.

Mdogo wangu amerudi chumbani. Nikiegemea ukuta kuandika, shati hutoka jeupe mgongoni. Bibi huuliza: "Leo umeandika, au umepakwa?"